Fundi wa Nembo: Kutoka Mchoro hadi Ngozi

Neno nembo tunalitamka kila siku pasipo kulitafakari. Nembo ya Taifa, ambayo wananchi wameizoea kwa jina la Bibi na Bwana, tunaiona juu ya barua za serikali, katika kumbi za mahakama na kwenye vyeti vya shule. Twasikia pia habari za nembo ya chama, nembo ya kiwanda na nembo ya timu ya mpira. Lakini wazee wetu waliposema nembo hawakuwa na karatasi akilini. Kamusi za zamani za Kiswahili zinaeleza kwamba nembo ni alama zichanjwazo mwilini, hasa usoni, ili kumtambulisha mtu na watu wake. Ndiyo kusema kwamba alama kuu ya taifa letu inaitwa kwa jina lililotoka katika kazi ya fundi mmoja ambaye leo karibu amesahauliwa, yaani fundi wa kuchora juu ya mwili wa binadamu.

Katika makala haya tunakusudia kumweleza fundi huyo. Swali letu ni hili: mtu ajuaye kuchora hugeukaje kuwa fundi wa nembo? Huja na kitu gani kutoka katika uchoraji, na kitu gani hana budi kujifunza upya? Swali hili haliwahusu wazee peke yao. Siku hizi katika miji yetu wamo vijana waliojifunza kuchora shuleni, au katika vibanda vya kuandika mabango, kisha wakaacha karatasi na kibao wakashika mashine ya kuchora tatuu. Wengi wao hudhani wameanza kazi mpya iliyotoka ng'ambo. Sisi tunasema wameingia, pengine bila kujua, katika ukoo wa kazi ya kale nchini mwetu, na kwamba ukoo huo una miiko yake.

Chale, tojo na nembo

Kwanza yafaa tutenganishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Kuna chale, yaani mikato midogo ambayo mganga huichanja kifuani, mgongoni au penye viungo ili apake dawa. Chale ni tiba, wala hazina haja ya kupendeza. Kuna tojo za urembo, ambazo mtu hutojwa kwa ajili ya kujipamba tu. Na kuna nembo, ambayo ni pambo na ni utambulisho kwa wakati mmoja. Aliyejua kuisoma alimtambua mwenye nayo kabla hajafungua kinywa.

Makabila mengi ya nchi yetu yalikuwa na alama za namna hii. Wamakua walijulikana kwa alama mfano wa mwezi mwandamo juu ya paji la uso. Miongoni mwa Wadatoga zimejulikana alama za duara zinazozunguka macho. Lakini waliofikisha kazi hii kwenye daraja la sanaa kamili, yenye mafundi wake, zana zake na mitindo yake, ni Wamakonde wa pande zote mbili za Mto Ruvuma. Kwa sababu hiyo tutakaa kwao zaidi.

Mpundi wa dinembo

Wamakonde huziita alama hizo dinembo, na fundi wake humwita mpundi wa dinembo. Msomaji ataona mara moja kwamba mpundi ni ndugu wa neno letu fundi. Zana yake iliitwa chipopo, nayo ilikuwa chuma kidogo chenye makali. Fundi alichanja mikato mifupi mifupi kwa kufuata mpango aliokuwa nao kichwani, kisha akasugua ndani ya mikato hiyo masizi ya mbarika. Jeraha lilipopona, masizi yalibaki chini ya ngozi, na mstari ukawa na rangi ya buluu iliyoiva hata ikakaribia weusi. Kazi ilirudiwa ili mistari ikolee na kuinuka. Kwa hiyo nembo ya Kimakonde ilionekana kwa jicho, na pia ilisomeka kwa kidole.

Usoni fundi alipanga mistari iliyonyooka, mistari ya pembe iliyobebana kama vigae vya paa, mistari ya meno ya msumeno, nukta, duara na miraba iliyosimama kwa ncha. Mistari hiyo haikutupwa ovyo. Ilifuata mashavu, paji la uso, kidevu na mteremko wa pua. Kwa wanawake, tumboni na karibu na kitovu ziliwekwa pia sura za miti na za mijusi, ambazo zilihusishwa na mvuto na uzazi. Kwa kuwa hakuna nyuso mbili zinazolingana kabisa, fundi hakuweza kunakili tu kazi ya jana. Alichukua mtindo ulio mali ya watu wote akautosheleza juu ya mfupa wa mtu mmoja. Hapo ndipo sanaa ilipoanzia.

Kuvumilia maumivu kulikuwa sehemu ya maana ya nembo. Kijana aliyekaa kimya chini ya chipopo alionyesha kwamba amekuwa mtu mzima. Basi nembo haikuwa picha tu, bali pia ushahidi wa jambo lililompata mwenye nayo.

Uchoraji kabla ya kalamu

Wako watu wanaosema kwamba uchoraji uliletwa kwetu pamoja na kalamu ya risasi na vitabu vya shule. Kauli hiyo haisimami mbele ya ushahidi.

Mwaka 1906, wakati machungu ya Vita vya Maji Maji hayajapoa, Mjerumani Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alisafiri kutoka Lindi hadi Masasi na Newala. Kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1908 na kwa Kiingereza mwaka 1909. Humo mna picha na maelezo ya nembo za Wamakonde, Wamakua na Wayao. Weule alikuwa mtu wa dola iliyotawala, na mara nyingi aliwatazama wenyeji kama vitu vya kukusanywa. Hata hivyo alifanya jambo moja lenye faida kwetu leo. Aliwapa wapagazi na wenyeji wengine karatasi na kalamu ya risasi, akawaomba wachore watakacho. Wakachora watu na wanyama na mambo ya maisha yao, na baadhi ya michoro hiyo ameichapa katika kitabu hicho hicho. Kwa hiyo katika kitabu kimoja tunakuta mambo mawili yakikaa pamoja: mchoro wa ngozi na mchoro wa karatasi, vyote kutoka katika mikono ya watu wetu.

Mkono hauwezi kutii kalamu siku ya kwanza kama jicho halijapata kuzoea umbo. Jicho la watu wa kusini lilikuwa limezoea. Wayao, majirani wa Wamakonde, katika mafundisho ya jando walichora ardhini sura za wanyama na kuzipambanua kwa unga, mmojawapo akiwa nyangumi, ingawa wengi waliochora walikaa mbali na bahari. Wanawake walifinyanga vyungu na kuvitia nakshi shingoni. Kwa Wamakonde, mchongaji wa vinyago vya mapiko, ambavyo mchezaji huvivaa kichwani katika sherehe za kumaliza jando na unyago, alichonga uso kwa mti mwepesi, kisha akautia nembo. Nembo hizo ama zilichongwa katika mti wenyewe, ama zilibandikwa kwa nta ya nyuki iliyotiwa weusi, mstari kwa mstari.

Hatusemi kwamba kila mchongaji alikuwa pia mpundi wa dinembo. Tunasema kwamba mistari ilikuwa ile ile, na kwamba ilihama kutoka kitu hadi kitu. Anayeukuta uso wa lipiko leo katika makumbusho anasoma lugha iliyoandikwa zamani mashavuni mwa watu. Tofauti ilikuwa katika kosa. Mstari wa nta ukienda upande, fundi huubandua akauweka tena. Mchoro wa unga ardhini hufutwa kwa mguu. Mstari wa ngozi haubanduliki wala haufutiki.

Mambo ambayo karatasi haifundishi

Hapa tumefika kwenye kiini cha swali letu. Mchoraji anayegeukia ngozi huja na mali nyingi: mkono usiotetemeka, jicho la kupima nafasi, ujuzi wa kivuli na mwanga, na mazoea ya kupanga mchoro mzima kabla ya kuanza mstari wa kwanza. Mali hiyo ni kubwa, na asiyekuwa nayo haifai aguse ngozi ya mtu. Lakini haitoshi.

Jambo la kwanza ni kwamba ngozi ni kitu kilicho hai chenye matabaka. Tabaka la juu hupukutika na kujifanya upya mfululizo, na rangi iliyoachwa hapo huondoka nalo. Rangi hudumu ikifika tabaka la chini yake, takriban milimita moja au mbili kutoka juu. Ikizidi kina hicho, husambaa, mstari hufifia kingo zake kama wino juu ya karatasi mbichi, na jeraha huwa kubwa. Karatasi ina urefu na upana peke yake, lakini ngozi ina kina pia, na kina hicho hutofautiana mahali hadi mahali katika mwili ule ule. Tena ngozi hunyooka, hujikunja na kuzeeka. Duara lililochorwa juu ya mkono uliolegea huwa yai mkono unapokunjwa.

Jambo la pili ni rangi ya ngozi yenyewe. Mwanafunzi wa uchoraji hufundishwa juu ya karatasi nyeupe, ambapo kila rangi hung'aa. Rangi ya nembo hukaa chini ya rangi ya asili ya mwili, nasi huiona kupitia humo. Juu ya ngozi nyeusi, rangi hafifu humezwa na mistari myembamba iliyosongamana hugeuka doa moja. Dawa yake ni mistari minene, nafasi pana na umbo lililo wazi. Tukizitazama dinembo kwa jicho hili tunaona kwamba pembe zile na meno yale ya msumeno ni majibu ya mafundi waliosoma ngozi zetu kwa muda mrefu kuliko kitabu chochote cha kigeni. Kadhalika, makovu yanayovimba kupita jeraha lenyewe hutokea zaidi kwa watu weusi. Mpundi aliuingiza mwinuko wa kovu katika mchoro wake. Fundi wa leo asiyelijua jambo hilo atashangaa kazi yake inapovimba, na mteja wake atajuta.

Jambo la tatu ni damu. Hapa hatuna haki ya kusifu kila kilichokuwa cha kale. Wembe mmoja uliopita juu ya miili mingi unaweza kuchukua maradhi kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Homa ya ini hupita kwa njia hiyo, na tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983 hakuna awezaye kusema hakuambiwa. Sindano ni ya mtu mmoja kwa mara moja, kisha hutupwa. Mchoraji anaweza kuosha brashi yake kwa maji akaendelea, lakini fundi wa ngozi akifanya hivyo anahatarisha uhai wa mwenzake.

Jambo la nne, ambalo ndilo zito kuliko yote, ni kwamba ngozi ina mwenyewe. Karatasi haina haya wala hofu, na haitaamka kesho na kwenda sokoni na kosa la mchoraji. Maji yakimwagika hayazoleki. Anayejifunza kazi hii hujifunza kukataa: kumkataa mtoto asiyetimiza umri, kumkataa mlevi, kumkataa mtu aliyekuja kwa hasira au kwa kusukumwa na wenzake. Mchoraji anapofika mahali pa kuiweka chini zana yake kwa sababu ya heshima ya mtu aliye mbele yake, hapo amekuwa fundi.

Kalamu iliyogeuka sindano

Hata mashine inayoshikwa na vijana wetu mijini ilizaliwa katika kazi ya kuandika. Mwaka 1876 Thomas Edison wa Marekani alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, kwa kalamu ya umeme yenye sindano iliyotoboa karatasi matundu madogo ili maandishi yapate kunakiliwa kwa wino. Mwaka 1891 Samuel O'Reilly wa New York alipata hataza ya mashine ya kuchora tatuu iliyofuata fikra ile ile. Kalamu ikawa sindano, na karatasi ikawa ngozi.

Huko Japani picha zilitangulia na ngozi ikafuata. Kuanzia mwaka 1827 mchoraji Utagawa Kuniyoshi alitoa mfululizo wa picha zilizochapwa kwa vibao vya mbao, zikionyesha mashujaa wa hadithi ya Kichina ambao wengine wao miili yao imejaa michoro. Watu wakazipenda picha hizo hata wakataka kuzibeba miilini mwao. Fundi wa kazi hiyo huitwa kwa neno linalotokana na kuchonga, kana kwamba mwili ni kibao. Serikali ya Japani ilipiga kazi hiyo marufuku mwaka 1872, na marufuku hayo yaliondolewa mwaka 1948. Ilikuwa mwaka 2020 tu ambapo mahakama kuu kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba fundi wa tatuu hahitaji kuwa na leseni ya udaktari.

Mfano mmoja zaidi unatufaa. Mmarekani Don Ed Hardy alimaliza masomo ya uchapaji wa picha katika chuo cha sanaa cha San Francisco mwaka 1967. Alikuwa na shahada mkononi na njia ya kuendelea na masomo ya juu ilikuwa wazi, lakini akachagua sindano. Shahada yake haikumwondolea uanagenzi. Alijifunza kwa mafundi waliomtangulia, na mwaka 1973 akaenda Japani kukaa kwa fundi wa huko. Hilo ndilo fundisho kwa kijana wetu aliyepata alama nzuri katika somo la sanaa: cheti humfikisha mlangoni, na fundi ndiye amkaribishaye ndani.

Uhuru na kufifia kwa nembo

Mwaka 1962 nchi yetu iliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, ikakusudia kuwarudishia wananchi heshima ya mambo yao. Lakini nembo za miili zilikuwa mtihani. Kwa upande mmoja zilikuwa urithi. Kwa upande wa pili ziliwatenga watu wa kabila moja na wa kabila jingine, wakati taifa lilikuwa likijengwa juu ya umoja. Wamisheni walikuwa wamezikataa, Waislamu wengi huziona kuwa haramu na kutosheka na hina na piko ambazo hufutika, na vijana waliokwenda mijini hawakupenda kuchekwa kwa sura zao. Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma, waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, waliijua dhihaka hiyo vizuri.

Ng'ambo ya mto historia ilikwenda kasi zaidi. FRELIMO iliundwa mjini Dar es Salaam mwezi Juni 1962, na mwezi Septemba 1964 vita vya ukombozi vikaanza katika jimbo la Cabo Delgado, nyumbani kwa Wamakonde. Wapiganaji walifundishwa kuweka taifa mbele ya kabila. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, desturi ya dinembo ilikuwa imekwisha kuwa ya wakubwa, na watoto wao hawakuchanjwa.

Hatulii kwamba watoto hao hawakuchanjwa. Mtoto ana haki ya uso wake. Tunachosikitikia ni kwamba chipopo kilipowekwa chini, mchoro nao uliwekwa chini pamoja nacho, kana kwamba vilikuwa kitu kimoja.

Hata hivyo mchoro haukufa wote. Wachongaji wa Kimakonde waliuchukua katika mpingo. George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, alianza kwa uchongaji kusini, kisha katika miaka ya 1970 akaingia Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam. Huko alitoka katika mti akaenda kwenye michoro na rangi, na kazi zake zikafika Ulaya na Marekani. Safari yake ilikwenda kinyume cha safari ya kijana wa tatuu, maana alitoka katika sanaa ya mababu akaifuata rangi. Lakini yatuhakikishia kwamba njia ipo, na kwamba inapitika pande zote mbili.

Wajibu wetu

Waliochanjwa dinembo kamili sasa ni wazee, nao wanapungua kila mwaka. Kila mmoja wao anapozikwa, ukurasa mmoja unafukiwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa walimu wa Mtwara na Lindi, na kwa wote wenye wanafunzi wajuao kuchora, tuna shauri moja jepesi. Wapelekeni wanafunzi kwa wazee wakiwa na karatasi na adabu. Wapige hodi, waombe ruhusa, waulize jina la kila mstari kwa Kimakonde, mahali ulipowekwa, na aliyeuweka. Wachore yale ya usoni na mikononi ambayo mzee mwenyewe ataridhia yaonekane. Yale ya unyago yaliyositiriwa yabaki yamesitiriwa. Wasimgeuze mzee kuwa kitu cha kutazamwa, kama walivyofanya wageni wenye kamera. Walio mbali na kusini wanaweza kuanza na vinyago vya mapiko vilivyohifadhiwa katika makumbusho.

Na kwa kijana aliyeacha kibao akashika mashine tunasema hivi. Hatukuhimizi kuwachanja watu nembo za kabila, wala hatukukatazi kazi yako. Tunakutaka ujue kwamba kabla ya mafundi unaowaiga katika picha za ng'ambo, alikuwapo mpundi aliyejua namna ya kuweka mstari juu ya ngozi nyeusi ukadumu miaka sitini bila kupotea. Jifunze mistari yake kwenye karatasi kwanza, ujue majina yake, ndipo uamue lipi la kulichukua na lipi la kuliacha. Ukimwekea mtu alama usiyoijua maana yake, umemwandikia neno usiloweza kulisoma.

Taifa letu halimtambui tena mwananchi kwa mikato ya shavuni. Linamtambua kwa Nembo moja, ambayo ni ya Mmakonde na Mdatoga, ya Mmakua na Mpemba, wala haimwagi damu ya mtu. Hiyo ni hatua njema. Lakini neno lenyewe lilitoka katika mkono wa fundi, na deni la fundi hulipwa kwa kuijua kazi yake.